Madaraka, Mashujaa, Jamhuri: kila jina lina maana gani hasa, na tuyaandikeje kwenye ubao wa shule?

Chaki_Nyeupe

Salamu kwenu. Naandaa ubao wa siku za kitaifa za Kenya wa 2026 kwa shule ya msingi, wote kwa Kiswahili. Maneno yenyewe ni ya Kiswahili, kwa hiyo nilidhani kazi ni nyepesi. Kumbe hapo ndipo mtego ulipo.

Watoto wanauliza kwa nini 12 Desemba haiitwi Siku ya Uhuru wakati uhuru ulipatikana siku hiyo. Wengine wamefungua kamusi wakaona "madaraka" ni cheo au mamlaka, sasa wanataka kujua tunaadhimisha cheo cha nani. Vitabu vya zamani vinaita 20 Oktoba Kenyatta Dei, vipya vinasema Mashujaa, na tarehe ni ile ile. Pia niandike "siku" au "sikukuu"? Na nikitaka kuweka "maadhimisho ya ngapi", nahesabu kuanzia wapi?

---

Karani_wa_Kumbukumbu

Mwalimu, panga tarehe kwanza, majina yatajieleza yenyewe. Kenya haikukabidhiwa utawala kwa siku moja. Ilikabidhiwa kwa hatua tatu ndani ya miezi kumi na minane na ushei, na majina mawili kati ya unayoyauliza yametokana na hatua hizo.

Hatua ya kwanza ni 1 Juni 1963. Mei mwaka huo palikuwa na uchaguzi mkuu, KANU ikaishinda KADU, na Jomo Kenyatta akaapishwa kuwa waziri mkuu. Tangu siku hiyo nchi ilikuwa na mawaziri wake na bunge lake kwa mambo ya ndani. Ulinzi na mambo ya nje vilibaki mikononi mwa gavana, Malcolm MacDonald. Serikali ya namna hiyo, ya kujitawala ndani huku ufunguo wa lango kuu ukiwa bado kwa mkoloni, ndiyo iliyoitwa serikali ya madaraka. Kwa hiyo watoto hawajakosea kamusi. Tatizo ni kwamba neno limechakaa: leo likitajwa tunasikia "uroho wa madaraka" na "kung'ang'ania madaraka", ilhali 1963 lilisikika kama jukumu lililorudi nyumbani. Kumbuka lina umoja wake, "daraka", yaani wajibu. Anzia hapo darasani: siku ambayo wajibu wa kuendesha shule, hospitali na mashamba ulihamia kwa serikali iliyochaguliwa na wananchi.

Hatua ya pili ni 12 Desemba 1963. Bendera ya Uingereza ilishushwa usiku wa manane pale Uhuru Gardens, Lang'ata, ya Kenya ikapandishwa. Huo ni uhuru kamili, ila kuna jambo ambalo vitabu vingi vya watoto hulipita mbio: mkuu wa nchi hakuwa Kenyatta. Alikuwa Malkia Elizabeth II, na MacDonald yule yule sasa akiitwa gavana mkuu, akimwakilisha. Kenyatta alibaki waziri mkuu.

Hatua ya tatu ni 12 Desemba 1964, mwaka mmoja kamili baadaye. Kiti cha malkia kiliondolewa, cheo cha rais kikaundwa, Kenyatta akawa rais na Oginga Odinga makamu wake. Cheo cha waziri mkuu kikafutwa na hakikuonekana tena hadi 2008.

Basi 12 Desemba imebeba mizigo miwili, uhuru wa 1963 na jamhuri ya 1964, na jina likafuata mzigo wa pili. Hakuna aliyeufuta uhuru. Umo ndani. Neno lenyewe linasaidia: "jamhuri" limetokana na Kiarabu "jumhur", umma, watu wengi. Ukimwambia mtoto kwamba uhuru ni mgeni kuondoka na jamhuri ni kiti cha mwenye nyumba kuwa cha umma wala si cha mfalme, ataelewa tofauti bila kukariri.

Kosa la kuepuka ubaoni ni "12 Desemba 1963: Kenya yawa jamhuri". Limejaa kwenye mabango. Mwaka 1963 Kenya haikuwa jamhuri, na "Rais Kenyatta" wa 1963 hayupo.

---

Kalamu_ya_Pwani

Karani kamaliza historia ya Juni na Desemba, mimi nichukue lugha.

"Siku" na "sikukuu" zina tofauti ya kisheria, si ya mapambo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 9, inataja *siku za kitaifa* tatu tu: Madaraka, 1 Juni, Mashujaa, 20 Oktoba, Jamhuri, 12 Desemba. Kisha inasema siku ya kitaifa itakuwa sikukuu ya umma. Kila siku ya kitaifa ni sikukuu, lakini si kila sikukuu ni siku ya kitaifa. Krismasi, Ijumaa Kuu, Idd-ul-Fitr na Leba Dei ni sikukuu za umma, watu hawaendi kazini, ila hazimo kwenye ile orodha ya tatu. Kwa kuwa ubao wako ni wa siku za kitaifa, kichwa kiwe "Siku za Kitaifa za Kenya" na chini yake "Siku ya Madaraka", "Siku ya Mashujaa", "Siku ya Jamhuri". Ukiandika "Sikukuu ya Jamhuri" hujakosea, na redioni utaisikia hivyo kila mwaka. Usichanganye tu nusu huku nusu kule kwenye ubao mmoja.

"Sikukuu" ni neno moja. "Siku kuu" kwa nafasi katikati ni kosa la kawaida sana kwenye matangazo ya ofisi. Na "Sikukuu ya Madaraka Dei" ni sawa na kusema siku mara mbili.

Upatanisho wa sarufi ndio utakaokutia aibu mbele ya wazazi, kwa hiyo uangalie vizuri. Shujaa ni mtu: mashujaa wetu, mashujaa waliopigania. Watoto huona "ma-" mbele wakaandika "mashujaa yetu" kana kwamba ni maembe. Madaraka si mtu: madaraka yalikabidhiwa. Jamhuri: ilitangazwa, si "alitangaza Jamhuri Kenya".

Kitenzi je? "Kusherehekea" kinafaa Madaraka na Jamhuri. Kwa 20 Oktoba kinakwaruza kidogo kwa sababu siku ile ina kukamatwa na vifungo ndani yake. "Kuadhimisha" kinakaa vizuri kwa zote tatu. Kwa mashujaa wenyewe sema "kuwaenzi" au "kuwakumbuka".

---

Mto_Sagana

Kuhusu 20 Oktoba: hiyo ni siku ya Dedan Kimathi. Mbona mnazunguka?

---

Karani_wa_Kumbukumbu

Hapana, ingawa naelewa mkanganyiko unatoka wapi, maana tarehe zinakaribiana mno. Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni wa Mau Mau, alikamatwa 21 Oktoba 1956 na kunyongwa katika gereza la Kamiti 18 Februari 1957. Siku ya kitaifa inatokana na tukio la miaka minne kabla.

Tarehe 20 Oktoba 1952 gavana Evelyn Baring alitia saini tangazo la hali ya hatari. Usiku huo huo, kuelekea alfajiri ya tarehe 21, askari wakaanza kuwakamata viongozi katika msako uliopewa jina la Jock Scott. Waliofikishwa mahakamani kama vinara ni sita: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko. Kesi ikapelekwa Kapenguria, mbali na Nairobi, mahali ambapo umati usingefika kwa urahisi. Hukumu ilitoka 8 Aprili 1953: miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda rufaa, lakini hakuachiliwa. Hali ya hatari iliondolewa Januari 1960, na Kenyatta akawa huru Agosti 1961.

Sasa jina. Baada ya uhuru siku hii iliitwa Kenyatta Dei. Kasoro yake ilionekana wazi: waliofungwa ni sita, jina likawa la mmoja, na wapiganaji wa msituni wakabaki nje kabisa. Chama cha Mau Mau kilikuwa bado kimepigwa marufuku kisheria hadi 2003, kwa hiyo kwa miaka arobaini nchi ilikuwa na sikukuu ya mapambano huku waliopigana wakihesabika kuwa wanachama wa kundi haramu. Katiba ya 2010 ikabadilisha jina ikaacha tarehe. Siku ya Mashujaa ya kwanza kwa jina hilo ni 20 Oktoba 2010.

Mwalimu, ubaoni weka majina yote sita. Ukiweka picha ya Kenyatta peke yake, au ya Kimathi peke yake, umerudi kwenye kosa lile la zamani kwa mlango mwingine.

---

Mto_Sagana

Nimesahihishwa, asante. Lakini kama tukio ni kukamatwa kwa sita hao, kwa nini siku hizi wanaalikwa wanariadha na madaktari? Jina limepanuka hadi limepoteza kilichomo.

---

Wakili_wa_Mtaa

Limepanuka kwa makusudi. Sheria ya Mashujaa wa Kenya ya 2014 iliunda Baraza la Kitaifa la Mashujaa, na haikufunga mlango kwa wapigania uhuru peke yao. Wanamichezo na wasomi nao wanaweza kutajwa. Ndiyo tafsiri ya serikali ya neno "mashujaa". Kwa maoni yangu darasani ni vizuri kutenganisha mambo mawili: *tarehe* imetokana na 1952, *heshima* inaweza kumfikia yeyote. Mtoto akijua moja bila nyingine ndipo anapochanganyikiwa.

Niongeze la kalenda, maana mwalimu anaandaa ya 2026. Madaraka ni Jumatatu, Mashujaa ni Jumanne, Jamhuri ni Jumamosi. Usiandike kwamba Jumatatu ya 14 Desemba ni mapumziko. Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110, inasogeza sikukuu mbele pale tu inapoangukia Jumapili. Jumamosi haifidiwi. Ilitokea 2021: 12 Desemba ilikuwa Jumapili, watu wakapumzika Jumatatu ya 13. Ikiwa waziri atatangaza siku ya ziada kwenye gazeti rasmi la serikali, hilo ni jambo jingine na hulitabiri.

---

Chaki_Nyeupe

Nashukuru sana. Na 10 Oktoba? Kalenda moja ya dukani inasema Moi Dei, nyingine Utamaduni, ya tatu Mazingira. Niiweke?

---

Wakili_wa_Mtaa

Usiiweke kwenye ubao wa siku za kitaifa. Iweke kwenye ubao wa sikukuu, kama unao.

Kalenda zote tatu zilikuwa sahihi kwa wakati wake. Moi Dei haikutajwa kwenye Katiba ya 2010, serikali ikaacha kuiadhimisha, watu wakaenda kazini kama kawaida. Lakini hakuna aliyeitoa kwenye jedwali la Sura ya 110, na Novemba 2017 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kwa kuwa sheria haijabadilishwa, siku hiyo bado ni sikukuu. Ikarudi 2018. Baadaye ikaitwa Siku ya Utamaduni, na 2024 Bunge likabadilisha sheria ikawa Siku ya Mazingira, siku ya kupanda miti. Ni sikukuu ya umma. Kwa 2026 inaangukia Jumamosi, haisogezwi.

Huo ndio mfano bora wa ile tofauti aliyoieleza Kalamu. Jina lililomo kwenye sheria ya kawaida, Bunge hulibadilisha kwa mswada wa marekebisho madogo madogo. Jina lililomo kwenye Katiba halichezewi hivyo.

---

Msafiri_Dodoma

Wakuu, nawasalimu kutoka upande wa pili wa Namanga. Kuna jambo mnalipita: nchi zetu mbili zilifanya kitu kile kile na zikachagua majina tofauti.

Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961 na ikawa jamhuri 9 Desemba 1962. Mwaka mmoja kamili, tarehe ile ile, kama ninyi. Na madaraka tuliyapitia pia: Nyerere alikuwa waziri kiongozi kuanzia Septemba 1960, kisha waziri mkuu Mei 1961, kabla ya uhuru kamili. Ila sisi siku tukaiita ya Uhuru, ninyi mkaiita ya Jamhuri, na hatuna sikukuu ya Madaraka hata kidogo. Mwanafunzi wa Kenya akisoma kitabu cha Tanzania anadhani hatukuwahi kuwa na hatua hiyo. Wa kwetu akisoma cha Kenya anadhani ninyi hamkuwa na siku ya uhuru.

Kwetu ugomvi wa jina uko kwingine: uhuru *wa nani*? Tanzania kama jina haikuwepo 1961. Muungano ni wa 26 Aprili 1964, na jina Tanzania lilikuja Oktoba mwaka huo. Serikali huandika "Uhuru wa Tanzania Bara". Wengi husema hapana, aliyepata uhuru ni Tanganyika, na Bara si nchi iliyowahi kutawaliwa. Kihistoria hawa wa pili wana hoja nzito. "Uhuru wa Tanzania" bila neno jingine ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inaifuta Zanzibar, ambayo ilikuwa na uhuru wake wa 10 Desemba 1963 na Mapinduzi ya 12 Januari 1964.

Na "Siku ya Mashujaa" kwetu ni 25 Julai. Siyo ya wafungwa wa kisiasa, ni ya askari waliokufa vitani. Panawekwa silaha za jadi na shada la maua mnarani: mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, shoka. Na si siku ya mapumziko. Uganda nao wana ya kwao 9 Juni, Rwanda 1 Februari. Kwa hiyo kama tangazo lako litavuka mpaka, au litawekwa mtandaoni, andika "Siku ya Mashujaa, Kenya". Neno moja linaokoa maswali kumi.

---

Kalamu_ya_Pwani

Hiyo ya mwisho ni ya kuandikwa kwa wino mwekundu. Tunadhani tukitumia Kiswahili tumeeleweka Afrika Mashariki nzima, kumbe neno ni moja na maadhimisho ni manne.

---

Hesabu_Rahisi

Hakuna aliyejibu swali la mwisho la mwalimu, la kuhesabu. Hapo ndipo mabango huharibika zaidi.

Kuna namba mbili: *miaka* na *mara*. Miaka ni mwaka wa sasa ukitoa mwaka wa tukio. Mara ni hiyo namba ukiongeza moja, kwa sababu siku ya kwanza yenyewe nayo ni mara ya kwanza. Mtoto wa miaka kumi ameziona tarehe kumi na moja za kuzaliwa kwake. Sherehe za kitaifa kwa kawaida hufuata miaka, kwa hiyo fuata miaka na uandike neno "miaka" waziwazi. Ukiandika "Madaraka ya 63" mtu hajui umehesabu nini.

Kwa 2026:

1 Juni: miaka 63 ya Madaraka (2026 toa 1963).

12 Desemba: miaka 63 ya uhuru, lakini miaka 62 ya jamhuri. Ukiandika "miaka 63 ya Jamhuri" umekosea kwa mwaka mzima, hata kama bango la uwanjani limesema hivyo. Njia salama ni "Siku ya Jamhuri: miaka 63 ya uhuru".

20 Oktoba ndiyo yenye vurugu. Miaka 74 tangu hali ya hatari itangazwe. Miaka 16 tangu siku ipewe jina la Mashujaa. Mwaka 2023 kule Kericho sherehe zilitajwa kuwa za Mashujaa ya 60. Jaribu kupata 60 kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, haipatikani. Walihesabu kutoka 1963, mwaka wa uhuru, wakaibandika namba ya Desemba kwenye Oktoba. Kwa hiyo kwa Mashujaa ama taja tukio, "miaka 74 tangu 20 Oktoba 1952", ama uache namba kabisa. Mimi ningeiacha.

---

Karani_wa_Kumbukumbu

Naunga mkono. Na kwa kuwa nafasi ya ubao ni ndogo, kila siku iwe na mistari mitatu: jina na tarehe, tukio na mwaka wake, sentensi moja ya nini kilibadilika. Sentensi hiyo ya tatu ndiyo watoto watakayoikumbuka, ifanye fupi. Usianze na orodha ya wageni waheshimiwa na gwaride. Hayo hubadilika kila mwaka, na tangu 2016 sherehe zenyewe huzungushwa kaunti mbalimbali.

---

Chaki_Nyeupe

Nimejaribu. Nisahihisheni kabla sijakata karatasi:

*SIKU ZA KITAIFA ZA KENYA, 2026*

*Siku ya Madaraka, Jumatatu, 1 Juni. Mwaka 1963 Kenya ilianza kujitawala kwa mambo ya ndani. Wajibu wa kuendesha nchi ulihamia kwa serikali iliyochaguliwa na wananchi.*

*Siku ya Mashujaa, Jumanne, 20 Oktoba. Mwaka 1952 gavana alitangaza hali ya hatari na viongozi wakakamatwa. Tunawaenzi Kenyatta, Kaggia, Karumba, Kubai, Ngei na Oneko, pamoja na mashujaa wengine wote yaliyoitumikia nchi.*

*Siku ya Jamhuri, Jumamosi, 12 Desemba. Uhuru ulipatikana 1963, na mwaka 1964 Kenya ikawa jamhuri. Mkuu wa nchi akawa rais badala ya malkia.*

---

Hesabu_Rahisi

Tarehe na siku za wiki ziko sawa, nimezikagua zote tatu. Umefanya vyema kuacha namba za maadhimisho.

---

Kalamu_ya_Pwani

"Mashujaa wengine wote walioitumikia", mwalimu. Yale maembe yamekurudia.